Gundi, Unga Mweupe na Mtungi Uliopasuka

Jumamosi moja mwezi uliopita mwana wa dadangu, kijana wa miaka 15, aliketi barazani akaanza kuziba mtungi wa maji uliopasuka ubavuni. Hakutumwa na mtu. Alimsikia bibi yake akilalamika kwamba maji yanayonunuliwa kwa mwenye mkokoteni yamwagika njiani kabla hayajafika jikoni, na yeye alikuwa ameona kwenye simu namna ya kuziba: wanyunyiza baking soda kwenye ufa, wadondoshea supaglu juu yake, na kufumba na kufumbua ishakuwa jiwe.

Alikuwa amevaa kikoi. Mtungi ameubana kwa magoti, kopo la soda liko kando yake, na vichupa vitatu vya gundi amevifungua vyote kwa pamoja kwa sababu ufa ulikuwa mrefu. Cha pili kilipoziba mdomo alikiminya kwa nguvu. Gundi ikaruka, nyingi ikamwagikia kikoi juu ya paja, mahali ambapo unga wa soda ulikuwa tayari umetapakaa. Mamangu asema alisikia ukelele, kisha akaona moshi mweupe mwembamba ukitoka kwenye nguo. Alidhani mtoto ameangukiwa na kaa la moto. Alikishika kile kikoi akakivuta, na kikoi kikaja na ngozi.

Kwenye kituo cha afya tuliulizwa mtoto ameunguzwa na nini. Tukasema gundi. Aliyekuwa akitupokea akatutazama kama watu wanaoficha jambo la aibu nyumbani kwao, akasema, "Gundi haichomi." Ilibidi nimuonyeshe kile kichupa na kipande cha kikoi kilichogeuka kikavu kama kigae.

Simlaumu. Mimi mwenyewe, asubuhi ya siku ile, ningesema vivyo hivyo. Hapa kwetu tukisikia hatari ya gundi twafikiria wale watoto wa mtaani wenye chupa puani, na hilo ni balaa la peke yake, la gundi ya viatu na mvuke wake unaoharibu ubongo. Lakini gundi ndogo ya shilingi chache, inayoning'inia kwenye kadi pale dukani karibu na wembe na viberiti, nani aliiogopa? Ndiyo maana naandika. Tangu siku ile nimekaa na mwalimu wa kemia, nimekaa na fundi wa simu, nimekaa na mafundi wawili wa boti, na niliyojifunza yanafaa kujulikana kwenye kila nyumba yenye mtoto na simu.

Tuanze na kilichomo ndani ya kichupa. Gundi hii, ambayo sote twaiita supaglu iwe imeandikwa hivyo au la, haigandi kwa kukauka kama gundi ya mbao. Ndani yake mna kimiminika kiitwacho sayanoakrileti. Ni chembe ndogo ndogo zilizokaa zikisubiri kitu cha kuzianzisha, na zikianzishwa hushikana mkono moja kwa moja mpaka ziwe mnyororo mrefu wa plastiki. Kitu cha kawaida kinachozianzisha ni unyevu: jasho la kidole, unyevu wa hewa, ukungu usioonekana juu ya kikombe. Ndiyo sababu hapa Pwani ukifungua kichupa leo, wiki ijayo wakikuta kimegeuka jiwe. Hewa yetu yenyewe yakigandisha.

Sasa, kila chembe zinaposhikana hutoka joto kidogo. Ukipaka tone moja baina ya vipande viwili vya kikombe, joto hilo ni dogo, latawanyika, wala hulihisi. Lakini baking soda ni alikali, yaani upande wa pili wa tindikali, na alikali huianzisha gundi hii kwa kasi kuliko unyevu wa kawaida. Tena ni unga. Gundi ikimwagika juu ya unga hunyonywa hadi chini, ikagusana na maelfu ya punje kwa wakati mmoja. Kazi ambayo ingechukua dakika kadhaa yamalizika kwa sekunde mbili tatu, na joto lote la dakika zile latoka ndani ya sekunde hizo. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na maji angalau hutiririka yakaenda zake. Gundi haiendi. Yakwama palepale kwenye ngozi huku yaendelea kuchemka.

Ule moshi mweupe alioona mamangu haukuwa moshi wa kuungua. Ni gundi yenyewe, ile sehemu isiyowahi kuganda, iliyogeuzwa mvuke na joto. Mvuke huo hutafuta unyevu kama ilivyo kawaida yake, na unyevu ulio karibu ni wa macho, pua na koo. Mwenye pumu akiwa chumba kimoja na kazi hii, dirisha limefungwa, atajuta.

Halafu kuna pamba. Hata bila soda, nyuzi za pamba zina uso mwingi na unyevu ndani yake, na gundi hii ikimwagika juu ya kitambaa cha pamba hupanda joto ghafla. Majarida ya madaktari yameandika visa vya watoto walioungua hadi tabaka za ndani za ngozi kwa sababu gundi ilimwagikia nguo walizovaa, na si kwa sababu kulikuwa na moto wowote. Sasa tazama tunavyovaa. Leso ni pamba. Kikoi ni pamba. Kanzu nyingi, fulana, shuka, soksi. Na yule anayejiona mwangalifu akavaa glavu za kitambaa cha pamba ili alinde vidole, huyo ndiye amejifunga kuni mkononi.

Nataka nisieleweke vibaya. Ujanja wa soda na gundi si uongo, na laiti ungekuwa uongo ungekwisha wenyewe. Wafanyao ukarabati wa magitaa huutumia kujaza kijishimo ambamo uzi umekula mfupa, na watengenezaji wa vinyago vya ndege na magari huutumia kila siku. Lakini waangalie wanavyofanya: chembe ya soda kwenye ncha ya kijiti, tone moja la gundi, subiri, tone lingine. Kazi ya ukubwa wa punje ya mchele. Yule wa kwenye simu naye alianza na punje ya mchele, kwenye kidude cha plastiki juu ya meza. Kijana wetu akaukuza mara mia kwa sababu ufa wake ulikuwa mkubwa mara mia, na hakuna aliyemwambia kwamba joto nalo lakua.

Mtu mmoja alinijia juu nilipomsimulia: mbona hospitali hushona vidonda kwa gundi hiyo hiyo? Swali zuri, na jibu lake lina historia. Mwaka 1942 mkemia wa Marekani, Harry Coover, akiwa na kampuni ya Eastman Kodak, alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilenga shabaha vya bunduki. Akapata kitu kilichonata kila alipokigusisha, akakiweka kando kwa kuudhika. Mwaka 1951 yeye na mwenzake Fred Joyner wakakirudia wakaona kwamba unataji ule ndio faida yenyewe, na mwaka 1958 kikatiwa sokoni. Baadaye, vita vya Vietnam, kilipulizwa kwenye majeraha ya askari kuzuia damu. Lakini gundi ya kidonda iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 ni binamu yake tu: imetengenezwa kwa chembe ndefu zaidi, zinazoshikana kwa utulivu, hazitoi joto jingi wala haziwashi mwili. Imesafishwa, imepimwa, hupakwa tabaka jembamba na mtu aliyefunzwa. Ile ya dukani si hiyo, na kidonda si mahali pake.

Kuna jambo lililonikera kuliko yote, nalo nilipewa na fundi wa simu pale mtaani, mtu anayetumia gundi hii kutwa. Alicheka nilipomtajia mtungi. "Huo hata ungeganda, ungebanduka." Mitungi yetu mingi, ile ya njano iliyokuwa na mafuta ya kupikia, ni ya poliethilini, plastiki yenye uso unaoteleza kama uliopakwa nta. Sayanoakrileti haiishiki vizuri. Soda na gundi vitaganda kweli, vitakuwa jiwe, lakini jiwe lile litakaa juu ya plastiki kama ukoko juu ya sufuria ya mafuta. Jaza maji, inua mtungi, upinde kidogo, laondoka. Na hata lingekaa, maji hayo twayanywa na kuyapikia, na gundi ya dukani haikutengenezwa kwa chombo cha chakula.

Kwa hivyo yule mtoto aliunguza paja lake kwa kazi isiyowezekana tangu mwanzo. Hilo halikuwa kwenye video.

Hapa ndipo naona shina la mambo. Si kwamba Mswahili hajui kuchanganya kinatacho na unga. Ni ufundi wa kwetu wa tangu na tangu. Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa na za Lamu zimesimama kwa chokaa ya matumbawe, na chokaa ile ikitoka tanurini ni kali: ikikutana na maji yachemka yenyewe bila moto, yatoa mvuke, yaunguza macho na miguu. Babu yangu mzaa mama aliwahi kufanya kazi tanurini, na alichokumbuka zaidi si kuchoma bali kungoja. Chokaa ilizimwa, ikaachwa shimoni muda mrefu, watoto wakafukuzwa karibu nayo, na kijana mwanafunzi hakukabidhiwa ndoo ya maji mpaka mwalimu wake aridhike. Majahazi nayo yakikalafatiwa kwa pamba na mafuta, kisha chini yakapakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Pamba, mafuta, chokaa: kila kimoja kilikuja na miiko yake, na miiko ilikuja na mtu. Ulikosea, ulizabwa kofi, lakini jicho lako lilibaki.

Video ya nusu dakika yaleta ujuzi ukiwa umechunwa ngozi. Yaonyesha mikono na matokeo. Haionyeshi dirisha lililofunguliwa, haionyeshi yule mtu alivaa nini, haionyeshi mara nne alizoharibu kabla ya ile moja nzuri. Twasema mchuma janga hula na wa kwao, na msemo huo wapenda kutajwa kila mtoto anapoumia. Kwa hili siukubali. Mtoto hakuchuma janga, alichuma kitu kilichoning'inizwa mlangoni kwake bila onyo.

Nilikwenda kwa mafundi wa boti za faiba kwa sababu nilitaka kuona kama ufundi mpya waweza kuwa na miiko kama ule wa zamani. Boti hizi zimeenea mwambao mzima, na kazi yake ni mchanganyiko vilevile: rezini, ambayo ni kimiminika kizito kama asali, na kigumishi ambacho wao hukiita hadena, kinachotiwa kidogo sana, asilimia moja au mbili tu. Humo hutiwa pia unga wa kuzidisha uzito wapatapo kuziba mashimo. Fundi mkubwa aliniambia mambo ambayo mwalimu wa kemia alikuja kuyathibitisha baadaye neno kwa neno. Rezini ile ile ikipakwa ubavuni mwa boti haina neno, lakini ukiiacha ndooni ikiwa nzito na nyingi, joto halina pa kutokea: itafoka, itatoa moshi, yaweza kuwaka. Kwa hivyo huchanganya kidogo kidogo, kwenye beseni pana lisilo na kina. Tone la kigumishi likiingia jichoni laweza kulipofua, na lazima uoshe kwa maji hapo hapo, si baada ya kumaliza kazi. Na ile dawa ya zambarau ya kobalti, inayoharakisha, haikutanishwi kamwe moja kwa moja na kigumishi. Vikikutana vitupu hulipuka. Ndiyo maana alikuwa ameviweka vibanda viwili tofauti, na kibanda kimoja alikuwa na ufunguo wake peke yake.

Aliyajuaje? Alifanya kazi miaka kadhaa chini ya fundi mwingine aliyeungua. Tazama njia yenyewe ya elimu hiyo. Mmoja aungue ndipo mwingine ajue. Vijana wake wawili niliowakuta wakisugua boti, faiba ikipaa hewani kama vumbi la unga wa ngano, hawakuwa na barakoa.

Turudi nyumbani, kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina hatari kuliko soda. Video nyingi hizi hazina maneno. Waona mkono ukinyunyiza unga mweupe, basi. Sasa ingia jikoni mwa nyumba ya kawaida ya Pwani uhesabu unga mweupe uliomo: baking soda, magadi, sabuni ya unga, chokaa iliyobaki baada ya kupaka ukuta, na tangu misimu ya kipindupindu, klorini ya unga ya kutilia kisimani. Nusu yake imo kwenye makopo ya majani ya chai yasiyo na jina. Klorini si soda. Ni kitu chenye kulazimisha moto: ikikutana na mafuta, spiriti, gundi au hata kitambaa kichafu chenye grisi, yaweza kuwaka yenyewe na kutoa hewa ya sumu. Kwenye nyumba yenye mabwawa ya kuogelea au kisima, mtoto anayetafuta "ule unga mweupe" hana njia ya kujua ameshika kopo gani. Mimi mwenyewe nilirudi nyumbani siku ile nikafungua makopo yote kabatini. Mawili sikuyatambua.

Na vichupa vyenyewe? Nilipita kwenye maduka kadhaa, Kongowea na mjini, nikashika nilivyovikuta. Maandishi ni madogo kiasi kwamba nilivua miwani nikavaa tena. Vingine vilikuwa kwa Kiingereza, vingine kwa Kichina. Sikuona hata kimoja chenye neno la Kiswahili. Picha za moto na jicho zipo kwenye baadhi, ndogo kama punje ya ufuta. Muuza duka mmoja, alipoona nauliza sana, aliniuliza kama nimetumwa na serikali.

Sijatumwa, lakini serikali ina la kujibu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa kila mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake na usalama wake. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Unganisha vifungu hivyo viwili, uniambie onyo la Kiingereza au Kichina lamwambia nini mamangu, aliyesoma chuoni akahitimu Kurani lakini hakuingia shule ya Kizungu. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Tuna KEBS, ambayo kazi yake ni ubora wa bidhaa. Bidhaa inayoingia kwa makontena kupitia bandari iliyo mbele ya macho yetu, sisi wenyewe wa Mombasa ndio wa kwanza kuitumia na wa mwisho kuisoma. Kuongeza mstari mmoja, "Usimwagie nguo ya pamba. Usichanganye na unga," hakuhitaji kikao cha bunge.

Kaunti nazo zisijifiche nyuma ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa vyuo vya ufundi vya vijiji, huduma za afya za mitaa, zimamoto na utoaji leseni za biashara. Vyote vinne vyagusa jambo hili. Chuo cha ufundi chaweza kuwa mahali ambapo yale ya fundi wa boti yanafundishwa kabla mtu hajaungua. Wahudumu wa afya wa jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba kuzungumzia malaria na chanjo, waweza kuzungumzia makopo yasiyo na majina. Na pale boti zinapoundwa kwa kuajiri watu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 tayari yamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake dhidi ya kemikali. Lakini kibanda cha makuti ufukweni, bwana mmoja na vijana wawili wa kibarua, nani hukikagua? Najua kuna watakaosema ukaguzi ni jina lingine la kuombwa chai. Kweli, na ndiyo sababu mimi naanza na elimu kabla ya faini.

Mamangu hajanisamehe mpaka leo kwa sababu aamini angejua la kufanya, angelifanya. Alivuta kikoi, kisha akapaka dawa ya meno. Kwa ajili yake nayaeleza wazi. Gundi ikimwagikia nguo na nguo yapata moto, mwagia maji baridi ya kawaida mengi, juu ya nguo hiyo hiyo, uendelee dakika 20. Yakiwa ni ya mkokoteni, mwaga tu. Usitie barafu. Nguo iliyoshika ngozi usiivute, iache mpaka hospitali, waweza kukata pembeni yake kwa mkasi. Dawa ya meno, ute wa yai, asali, kahawa, vyote viweke mbali. Vidole vikishikana, viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, uviachanishe polepole kwa kuvizungusha, si kwa kuvitenganisha kwa nguvu. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha husaidia kwenye vidole, lakini isikaribie jicho, mdomo, kidonda wala jiko linalowaka.

Jicho ni habari nyingine, na nalitaja kwa sababu ya wazee wetu. Kichupa cha gundi hii kwa umbo hufanana sana na kichupa cha dawa ya macho, na duniani kote wameandikwa watu waliojitilia gundi jichoni usiku wakidhani ni dawa. Mzee mwenye presha ya macho, taa imezimika, vichupa viwili kwenye dirisha moja. Ikitokea, usimfungue kope kwa nguvu. Osha kwa maji mengi ya vuguvugu, funika kwa kitambaa kibichi kisafi kisicho na nyuzi, mpeleke hospitali. Kope huachia zenyewe, mara nyingi ndani ya siku moja hadi nne, na daktari atatazama kama kioo cha jicho kimekwaruzika. Lakini ni rahisi zaidi gundi kukaa sandukuni na misumari, na dawa kukaa na dawa.

Kijana amerudi shule. Kidonda kimefunga, kimeacha alama ya ukubwa wa kiganja, na daktari asema ngozi itavuta kidogo akikua kama hatanyoosha mguu kila siku. Anyoosha, nikimkumbusha. Video ile bado iko, nilimwambia anionyeshe: watazamaji wengi mno, na chini yake watu washukuru kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, kwa lugha nisizozijua. Kijana mwenyewe aliandika hapo chini, kwa herufi kubwa, kwamba ilimuunguza. Mtu mmoja akamjibu kwamba amekosea kipimo.

Mtungi tuliupeleka kwa fundi anayeyeyusha plastiki kwa chuma cha moto, pale karibu na stendi ya matatu. Alitoza shilingi 50, akachukua dakika kumi, kibandani kwake kusiko na mlango wala ukuta wa mbele. Mamangu aufulia tu, hautii maji ya kunywa.